Waya Ulioniambia Ninunue

Tarehe 3 Machi

Shikamoo kaka. Natumaini u mzima na karakana yako ya redio inakwenda. Sisi hatujambo, ila mama hana hamu ya kula kwa hasira.

Yule jirani muuza mbao amejenga uzio ndani ya kiwanja cha mama. Mlango wa jikoni unafunguka nusu, unagonga nguzo. Nimekwenda kwa mpima ardhi, akasema, "Nionyeshe chuma cha mpaka, nitakuja. Bila hicho ni maneno yako na yake." Chuma kilifukiwa miaka mingi iliyopita, hakuna anayekumbuka mahali pake.

Basi nimeunda mashine ya kutafutia chuma kwa mchoro ulioacha kwenye daftari lako. Koili, lile duara la waya la kunusia chuma, nimeizungusha mwenyewe. Mshona nguo hashindwi na uzi. Umebaki waya wa kutoka kwenye koili hadi kwenye kisanduku. Ninunue upi?

Mdogo wako

Tarehe 24 Machi

Marahaba mdogo wangu. Mimi mzima. Nunua waya wa kawaida wa spika, ule mwembamba. Uache mrefu, uning'inie, usiufunge kwenye mpini. Halafu punguzeni hasira. Hatua chache zisiwagombanishe na jirani.

Kaka yako

Tarehe 11 Aprili

Shikamoo kaka. Tu wazima. Hatua chache? Mama anapita mlangoni kwake ubavuubavu kama mwizi, nawe unasema hatua chache.

Waya wako umeniaibisha. Mashine inalia nikitembea, inalia nikiugusa, inalia nikisimama pasipo na hata sindano. Nimelehemu upya mara tatu. Jirani ameweka kiti nje, ananitazama na kucheka. Niambie nimekosea wapi, upesi.

Mdogo wako

Tarehe 19 Mei

Kaka, shikamoo hii naitoa kwa sababu mama kanilea hivyo.

Wiki tano hujajibu, nikaipeleka mashine kwa fundi redio wa sokoni. Akaushika ule waya.

"Nani kakushauri huu?"

"Kaka yangu. Ni fundi miaka ishirini."

Akauweka mezani. "Basi alikosea kwa makusudi. Hata anayeanza kazi leo anajua huu unadaka kila kelele."

Nilimwambia afunge mdomo wake, wewe si mtu wa namna hiyo. Alitoa waya wa maikrofoni, wenye wavu wa shaba kuzunguka nyuzi za ndani, akaukata mfupi. Wavu akaulehemu upande wa kisanduku tu, kisha akaufunga waya kwenye mpini kwa utepe usichezecheze. Mashine ikatulia.

Chuma tumekipata juzi, chini ya rundo la mbao, hatua tisa upande wa pili wa uzio. Mpima ardhi akathibitisha. Ndipo jirani akaingia ndani, akatoka na karatasi. "Mimi si mwizi," akasema. "Muulizeni mtoto wenu."

Nikaisoma mbele ya mama. Naujua mwandiko wako, kaka. Uliuza ardhi isiyo yako, kisha ukanipa waya wa kunifanya nionekane mwendawazimu. Hilo la pili ndilo linaloniunguza.

Mdogo wako

Tarehe 2 Juni

Mdogo wangu,

Salamu sijui nizianzie wapi. Ni kweli. Nilitaka mtaji wa karakana, nikajiambia mama hatagundua. Barua yako ya kwanza ilinikuta na waya wa maikrofoni mezani, mbele ya macho yangu. Nikaandika waya wa spika. Umemwambia nini mama?

Kaka yako

Tarehe 20 Juni

Kaka,

Tu wazima. Nimemsomea mama barua yako yote, hata pale pa waya. Aliniambia nirudie, nikarudia.

Mpima ardhi ameikataa karatasi yako, kwa kuwa kiwanja ni cha mama. Wewe na jirani mtajuana. Jana jirani alileta watu kung'oa uzio, mama akasimama mbele yao.

"Acheni," akasema. "Aliyewauzia kiwanja atakuja kuung'oa mwenyewe."

Nguzo ni kumi na nne, zimesimikwa kwa zege. Anakusubiri.

Mdogo wako