Neno la Neema Lilikuwa Njiani

Rågsved, Jumanne, Novemba 1985

Na mimi mjinga, wiki nzima namkaririsha binti yangu Neema majina ya wanyama kana kwamba anakwenda kufanya mtihani wa darasa la saba! Kumbe kipimo cha leo kilikuwa cha kuonyesha jinsi anavyotatizika kusema, ili serikali ikubali kumlipia msaidizi shuleni.

Mama mpimaji alimwonyesha picha ya farasi. Neema kimya. Nikamnong'oneza jibu.

"Baba," mama yule akacheka, "ukifaulu wewe, mtoto atakosa msaidizi."

Nikafunga mdomo. Yeye akangoja. Muda wa swali ukaisha, akaandika sifuri, na bado akangoja.

"Häst," akasema Neema kwa Kiswidi, polepole. Farasi!

Miaka sita namjibia binti yangu, sikujua kwamba neno huwa liko njiani. Subhana... bado nashangaa.

Majibu ya ombi la msaidizi ni mwezi ujao, na nina hofu. Lakini jioni hii nilimuuliza mchuzi wangu ukoje, nikanyamaza. Ugali ukapoa.

"Chumvi," akasema. "Nyingi."

Nikaonja. Kweli, imezidi.