Blanketi ya Pijo

Baba Syombua,

Sufuria ya muthokoi iko jikoni, chakula cha majirani wa mwethya wanaokuja kukusaidia kazi. Wainue bodi ya hiyo Pijo ya marehemu baba yako polepole, ikae vizuri kwa chesisi ya Datsun. Paa la jikoni linavuja tangu mvua ya Aprili, na hujaniitia mwethya hata wa bati moja.

Asubuhi nimeamshwa na baridi. Kuchungulia nje, naona blanketi yetu ya harusi imefunika gari, eti umande. Uliitoa juu yangu nikiwa nimelala.

Nimeenda kwa mama, Mbooni. Nitarudi ~~leo jioni~~ Jumapili. Fungia kuku.

Blanketi nimebeba. Usiku ukisikia baridi, mwambie Pijo akufunike.

Mama Syombua