Kidirisha cha Pembeni

Jumatatu, 5 Mei

Programu imegoma tena kujengwa. Ilikaribia kabisa mwisho, ikatapika mistari myekundu, ikasimama. Safari hii inadai kipande cha kushughulikia sauti. Sauti ya nini? Nataka maandishi tu. Bando limekwisha. Wateja wachache: kopi, CV moja, na mama mmoja aliyepiga picha ya pasipoti kisha akaikataa sura yake mwenyewe. Nilimwambia mashine haina kosa. Hakucheka.

Daftari hili linalala kwangu, dukani haliji. Humu tu ndimo ninamoweza kusema kwamba Mwaju, mdogo wangu, yuko Tegeta kwa Mama Neema, niliyepanga kwake nilipokuwa chuoni. Mumewe hamjui Mama Neema. Nyumbani hakuna anayemjua. Naomba ibaki hivyo.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshindwa tena. Nimekasirika mpaka chai imepoa.

Shida ni kwamba shemeji, huyo mume wa Mwaju, ni fundi simu. Simu za ukoo mzima zimepita mezani kwake. Yangu aliibadilisha kioo mwaka jana, hakutaka hata asante. Juzi mama kampa ya kwake "aiangalie chaji." Mama hana ubaya, ila mkwe kwake ni mkwe. Na kila kibanda cha kusajili laini huku Chamazi shemeji ana rafiki yake. Kwa hiyo simu hapana.

Ndiyo nikapata wazo la kompyuta. Kuna programu ya kuchati ambayo wenyewe wanaugawa msimbo wake, yale maandishi inayojengwa nayo, bure, na haiombi namba ya simu. Iliyo tayari haikubali laptopu ya Mwaju, ni kuukuu mno. Lazima niijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo, mara mbili: moja ya kompyuta ya dukani, moja ya ile laptopu, maana mifumo yao haifanani. Diploma yangu tangu nimalize chuo imekuwa ikitoa kopi tu. Sasa ifanye kazi.

Mkono wa kushoto wa Mwaju, aliouvunja mumewe, bado haunyooki. Nikitaka kukata tamaa naukumbuka huo mkono.

Alhamisi, 8 Mei

Shemeji alikuja. Na maandazi.

Alisalimia vizuri, akakaa kwenye benchi la wateja. Utamfukuzaje shemeji? Watu wa mtaa wote wangeuliza. Kwenye skrini programu ilikuwa inajijenga, mistari inashuka mfululizo. Akauliza ni nini. Nikasema nasasisha printa. Yeye ni fundi. Sijui kama aliamini.

"Simu yako haisumbui, shemeji? Nipe niicheki."

Nikasema nimeiacha nyumbani. Ikaita. Ndani ya droo, mbele ya magoti yangu.

Alitabasamu, akamega andazi, akala taratibu mpaka likaisha. Alipoondoka nilikuta blauzi imelowa mgongo mzima. Namwogopa. Naandika wazi kwa sababu mbele za watu najifanya simwogopi.

Jumamosi, 10 Mei

Imekubali. Zote mbili.

Kumbe sehemu ya sauti inaweza kuachwa, unaiambia tu isiijenge. Siku zote hizo kwa jambo la mstari mmoja. Nilikaa naitazama ile alama ya programu kwenye skrini kama mtoto aliyepewa kiatu kipya.

Mama Neema alikuwa Mbagala kwenye harusi ya mtoto wa dada yake. Nilikwenda kumpa mkono wa hongera na bahasha ya mchango, ndani nimetia flashi yenye programu ya Mwaju. Bahasha ya harusi haiulizwi ina nini. Akaipapasa, akanitazama, akaitia kwenye mkoba.

Jumatatu, 12 Mei

Kitone cha kijani, kile cha kuonyesha mwenzako yupo hewani, kimewaka saa za mchana.

"Da Zuu upo?"

Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Nililia mbele ya mteja, nikasingizia wino wa mashine. Nimemhifadhi kwa jina la Kadi za Harusi. Mtu akiona atajua ni kazi ya watu. Najiona mjanja.

Alhamisi, 15 Mei

Tunaandikiana kila siku. Amekula kisamvu. Amefundishwa kushona mashuka. Ananitania kwamba naandika kama barua ya serikali. Ana utani tena. Naanza kuzoea, na kule kuzoea kunanitisha.

Ijumaa, 16 Mei

Nimefanya ujinga.

Shemeji alikuja baada ya swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, ananukia udi. Anataka kuchapiwa barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwamba mkewe ametoweka na anaomba asaidiwe kumtafuta. Ningekataa kwa sababu gani? Akawa anasema, mimi nachapa. "Mke wangu kipenzi." Nilichapa hivyo hivyo. "Sijui kosa langu." Nikachapa na hilo.

Kisha nikafanya ninachofanya kwa kila mteja tangu yule baba aliyekuja juu kwa sababu jina lake lilikosewa. Nikaigeuza skrini imwelekee, asome kabla sijatoa kwenye printa. Mkono ulifanya wenyewe.

Kidirisha kikachomoza pembeni, chini kulia.

Kadi za Harusi: Da Zuu, huku Tegeta mvua haijakata toka asubuhi.

Kikakaa. Sikujua kama kinakaa muda mrefu namna ile. Kikazama.

Wiki nzima nimepigana na mistari myekundu, nimeangalia kama inafunguka, kama inatuma, kama inapokea. Hilo la kupiga mbiu kila ujumbe unapoingia sikulifikiria hata kidogo. Mtu anajenga nyumba, anasahau komeo.

Shemeji alisoma barua mpaka mwisho. Akaomba "kutoweka" liandikwe kabla ya "ghafla." Nikarekebisha. Akaikunja barua mara tatu, akasimama mlangoni.

"Mvua ya mwaka huu haina adabu, au siyo shemeji?"

Nje jua lilikuwa linachoma. Chamazi haijapata tone tangu juzi.

Jumamosi, 17 Mei

Nilimwandikia Mwaju kila kitu asubuhi. Akajibu: "Tegeta ni kubwa Da Zuu."

Ni kubwa, kweli. Nimejirudishia maneno hayo siku nzima huku nabana karatasi za watu. Hayanisaidii. Tegeta ina maduka, na maduka yana watu wanaopenda kusaidia mume anayelia.

Nimemwambia ahame. Anasema amechoka kuhama. Namwelewa, na bado nimemfokea. Kwa maandishi, ukali unabaki pale pale unaonekana.

Jumanne, 20 Mei

Shemeji amefika.

Mama Neema alikwenda duka la dawa karibu na kwake, akamkuta mwanamume wa kanzu anamwonyesha muuzaji picha kwenye simu. Mpole, ana machozi. Picha ya harusi yao. Muuzaji alisema sura si ngeni. Mama Neema alinunua panadol ambazo hazihitaji, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Mwaju aliniandikia wakati anafunga nguo. Laptopu anaichukua. Mama Neema ana mtu wa kumpokea. Akaanza kuniandikia ni wapi. Nikaona kitone kinacheza, kile cha kuonyesha mwenzako anaandika, na hapo nikashikwa na hofu ambayo sijawahi kuipata. Siyo kwamba shemeji atajua. Kwamba atajua kwangu.

Nikamtumia haraka: "Usiniambie."

Kitone kikasimama. Kikazimika.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna kitone. Jana hakuna, juzi hakuna.

Leo skrini nimeigeuzia ukutani. Mteja kanuna, anataka kuona jina lake. Nikamwambia ataliona kwenye karatasi.

Kidirisha kinaweza kuzimwa kwenye mipangilio, bonyeza mara moja imekwisha. Sikukiamini. Nimeufungua msimbo, nimetafuta mahali kinapozaliwa, nimeking'oa chote, nimeijenga programu upya. Ilikubali mara ya kwanza bila mstari mwekundu hata mmoja. Nilitamani igome, nipate cha kushughulika nacho.

Jumatatu, 26 Mei

Shemeji alipita. Benchi lile lile. Hakuleta kitu, hakuuliza kitu. Alikaa tu, miguu ameinyoosha, anawatazama wanaopita kwenda uwanjani.

Utulivu wake ndio ulioniua. Mtu anayetafuta hatulii. Au amempata? Nilikata karatasi ya mtu vibaya, nikakata na ya pili. Nilitaka kumuuliza. Nilibana meno.

Akiwa anaondoka akasema, "Mie sina haraka, shemeji." Nilimwitikia "haya."

Mama kanipigia jioni, anasema mkwe wake amekonda, hali vizuri, tumwonee huruma. Nilimjibu vibaya. Kesho nitamwomba radhi kwa ukali wangu, lakini siyo kwa hilo nililosema.

Alhamisi, 29 Mei

Asubuhi nilifungua duka, nikafagia, nikawasha mashine ipate joto. Programu haisemi tena, inabidi niiendee mwenyewe. Nimejizuia mpaka nimemaliza kopi za mwalimu wa jirani. Kisha nikaifungua.

Kadi za Harusi. Ujumbe mmoja, umeingia alfajiri.

"Nimeamka."

Hakuna zaidi. Hakuna mvua, hakuna kisamvu, hakuna Da Zuu. Amejifunza. Nimesoma hilo neno nikiwa nimeiinamia skrini, nimeifunika kwa mabega. Sijui ni chini ya paa la nani, sijui kama kuna jua huko au mawingu, na nikiulizwa na yeyote, hata na mama, nitasema kweli kwamba sijui.

Nikamjibu, "Haya." Nikaifunga, nikamwita mteja wa CV.