Jina la Inamahoro Bado Liko Juu

Mwaka umetimia, Baba Armelle, tangu presha ilipokuangusha mbele ya kompyuta yako hapa Mwandiga. Watu husema mwaka ukipita moyo hutulia. Wetu umekataa.

Ulivuka kutoka Burundi mwaka 2015, mtangazaji wa redio asiye na redio. Ukajifundisha mwenyewe kutengeneza tovuti kwenye kompyuta iliyong'oka vitufe viwili. Asubuhi baiskeli mpaka Simbo, mpaka Ujiji, kuchukua habari; mchana unaandika; jioni unazirusha mtandaoni. Jirani yako Pastory hakuchoka kukutania: "Mwandishi wewe, mhariri wewe, fundi wewe. Ofisi nzima imevaa kandambili!" Ulicheka mpaka ukakohoa.

Lakini kazi uliyoipenda kuliko zote ni ile orodha ya ndugu waliopotezana ukimbizini. Hukukubali jina liondolewe mpaka wahusika wakutane ana kwa ana. Kuongea kwa simu hakukutosha. Jina la kwanza kabisa lilikuwa la mdogo wako wa kike, Inamahoro, aliyekupotea ufukweni Kagunga kwenye msongamano wa kusubiri boti. Kila asubuhi kwa miaka saba ulifungua ujumbe wa tovuti kabla ya kugusa chai. Ilipoa, na mimi mkeo Veneranda nikakufokea. Nisamehe.

Nisamehe na hili pia, maana ndilo linalonikosesha usingizi. Tulipokuzika, nilifunga kompyuta na simu yako kwenye sanduku, kama ilivyo desturi yetu: vitu vya marehemu haviguswi mpaka siku ya kuganduka, siku ya kuondoa msiba. Armelle alinisihi. "Mama, kuna watu wanaandika humo."

"Subiri tuganduke," nilimwambia. "Baba yako si wa kupekuliwa."

Marcelina, ambaye mwanawe yumo kwenye orodha yako, alitoka kambini mara tatu kuuliza habari zake. Mara tatu nikamrudisha.

Mwezi uliopita tumeganduka. Armelle alifungua sanduku, akachaji, akasoma. Ujumbe ulizidi mia mbili. Mmoja uliandikwa siku ishirini baada ya mazishi yako: "Kaka Anatoli, nimeona jina langu. Niko Kalemie huku Kongo, nina watoto watatu. Nijibu." Aliandika tena, na tena. Wa mwisho ulisema: "Kama umenikasirikia, niambie tu."

Miezi kumi, Baba Armelle! Mtu uliyemtafuta anagonga mlango, na ufunguo nimeufungia mimi sandukuni.

Armelle ndiye aliyempigia. Alimwambia ukweli wote. Inamahoro akasema, "Nakuja hivyo hivyo."

Atashuka Kigoma Jumamosi. Marcelina naye amejibiwa. Mwanawe yuko hai. Armelle sasa anaendesha tovuti, na chai yake inapoa. Simfokei.

Alitaka kulifuta jina la shangazi yake. Nimemkataza, hiyo ni sheria yako. Jumamosi tutamleta Inamahoro mpaka kaburini kwako. Akishasimama hapo mkaonana kwa namna hiyo iliyobaki, ndipo litafutwa.

Unakumbukwa na mkeo Veneranda, wanao Armelle na Zefania, jirani yako Pastory, wote walio kwenye orodha yako, na dada yako Inamahoro, aliyeomba mwenyewe aandikwe hapa, mwishoni, kwa kuwa amechelewa.

Hatutakusahau kamwe.