Nguo Nyeupe Chini ya Mtufaha

Lorne,

Supu iko jikoni, ipashe moto. Mbwa keshakula, asikudanganye.

Jumamosi nilipokwenda kwa shangazi, ulipulizia mitufaha yote dawa, eti unamaliza wadudu. Uliowamaliza ni wale wenye mkia wa koleo, niliokukataza kuwagusa, maana ndio walinzi wetu, wanaokula vidukari wanaofyonza mitufaha. Leo asubuhi nimetandika nguo nyeupe chini ya matawi nikayagonga, kama Baba alivyotufundisha. Hakuanguka hata mlinzi mmoja. Vidukari ndio walimwagika kama mchele! Nikawaponda wote papo hapo juu ya nguo, wakatoa majimaji mekundu kama damu.

Ile nguo ni shati lako la mkutano wa jioni. ~~Nitakufulia nikirudi.~~ Sifui. Livae hivyohivyo, ukawahutubie wakulima wenzako jinsi dawa yako inavyomaliza wadudu.

Dada yako mkubwa