Mshale Mdogo Juu ya Kioo

Jumatatu, 2 Machi

Itangazwe kwa wananchi wote wa Meru, na wa Embu watakaosikia: simu ya karani Njeru haijalia siku ya tano leo. Bendera zipepee nusu mlingoti. Chai ya asubuhi nimeinywa ikiwa moto, jambo lisilo la kawaida.

Utani kando. Wiki hii Mama atapewa tarehe ya kutolewa mtoto wa jicho, hospitali kule Embu. Jicho la kushoto lilishazima. Limebaki hili. Dada yangu Wanja, anayekaa naye kwetu Manyatta, atanipigia niende. Lazima niwepo. Mimi ni mwana wa pili, nina jina la babake Mama, kwa hiyo huniita Baba na hafanyi jambo kubwa bila mimi.

Ningepiga mimi. Lakini ukimpigia Wanja unaanza na ng'ombe, unapitia kuku, Mama unamfikia saa nzima baadaye. Ujumbe haandiki. Anasema habari za mzazi hazichapwi.

Netiweki mbovu.

Jumanne, 3 Machi

Mutuma wa meza ya pili alisema nizime simu niiwashe. Ikawaka ikidai PIN. Nikaweka mwaka niliozaliwa. Hapana. Mwaka niliooa. Hapana. Ya tatu nikabahatisha. Sasa inataka PUK.

"Mzee, hiyo ukikosea mara kumi laini inakufa kabisa," Mutuma akasema. Akacheka peke yake.

Saa ya chakula nikaenda duka la kampuni ya simu. Binti mpole. Alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. PIN ni kufuli yangu. PUK ni funguo ya akiba, kampuni ndiyo inaiweka. IMEI ni nambari ya simu yenyewe, siyo ya laini. Roaming ni kutumia laini ukivuka mpaka. Nikasema basi ndiyo shida, mimi ni wa Embu na niko Meru.

"Mpaka wa nchi, mzee."

Watu wa foleni walifurahi sana.

Laini ilipofunguka akauliza kuhusu mshale mdogo juu ya kioo. Eti huenda nina divert, yaani simu zangu zimegeuzwa njia zinaenda kwa laini nyingine. Nikamwambia mshale huo ulikuja na simu. Nikaondoka. Nilikuwa na njaa.

Jumatano, 4 Machi

Kimya. Nimekasirika. Nimezunguka ofisi na simu juu ya kichwa. Mutuma akauliza kama natafuta netiweki au nabariki watu. Alama za netiweki zimejaa, 4G imeandikwa pale wazi, na hakuna kinacholia. Nimelaumu mnara, mvua, kampuni, Mutuma.

Alhamisi, 5 Machi

Soko la Gakoromone, nikichagua nyanya. Sauti nyuma yangu. Mama Muthoni, jirani yetu wa Manyatta, ameleta karoti.

"Njeru! Kumbe uko hai na unabonyeza nyanya za watu! Mamako jana ameshinda hospitali. Ameitwa mara tatu kwa upasuaji. Akasema, siingii huko Baba hajafika. Wanja amekupigia mpaka chaji ikaisha. Ati hupatikani!"

Wateja wote wakaniangalia.

Nyanya nimeziacha hapo.

Ijumaa, 6 Machi

Manyatta. Wanja hakunisalimia. Alitoa simu yake, akabonyeza jina langu, akaweka sauti juu. Mteja hapatikani. Yangu iko mezani, netiweki imejaa, kimya.

"Eleza," akasema.

Nikaanza na mnara wa Meru.

Mama akaja akipapasa ukuta. "Ni Baba?" Akanishika uso kwa vidole, pua, kidevu, mpaka akaridhika. "Wacha kumgombeza, Wanja. Hiyo netiweki ya Meru ni mbaya sana."

Nimeona aibu. Tarehe mpya ni Jumanne.

Jumanne, 10 Machi

Benchi nje ya chumba cha upasuaji. Daftari hili nimelidanganya, kwa hiyo nalo nitaliambia ukweli.

Jumatano ile ya mwisho wa Februari Wanja alipiga mara tatu kabla sijamaliza chai. Mama amejikwaa. Mama amemwaga uji. Unakuja lini? Hilo la mwisho ndilo nililochoka nalo. Nikabonyeza nambari aliyonifundisha Mutuma wakati wa likizo, nikageuza simu zote ziende kwa laini yangu ya zamani, iliyo ndani ya simu iliyozimwa, ndani ya droo. Siku moja tu. Ya pili ilikuwa tamu.

Binti alipotaja mshale nilijua. Ningeuondoa palepale. Lakini angeona, na Wanja angeanza kupiga. Nikasema kesho. Kesho hiyo ndiyo ilikuwa siku ya Mama.

Mshale niliuondoa Ijumaa. Leo asubuhi, getini, nimemnong'oneza Wanja yote, Mama asisikie. Nilingoja anitukane. Alitengeneza leso ya Mama kwanza.

"Mimi sina mahali pa kumgeuzia Mama," akaninong'oneza. Basi.

Mama ameuliza mlangoni, "Baba, umefika?" Nikasema nimefika. Akaingia bila kushikwa mkono.

Bado anailaumu netiweki. Nitamwambia bandeji ikitolewa, akiwa anauona uso wangu.