Mtumbwi Uliosimama Shimoni

Baba Masanja, Fundi wangu,

Shikamoo. Naona aibu kuanza bila kukuamkia, ingawa sasa wewe ni wa kuombewa tu.

Nakuandikia nikiwa kibandani kwako ufukweni, nimekalia lile gogo lako. Masanja ameniachia ufunguo. Mwanao hana neno na mimi, ila kazi hii haitaki kabisa. Siku hizi ananunua mawe ya dhahabu na anavaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Ungemcheka.

Mji wetu umegeuka tena. Mageuzi ya mwanzo ulinisimulia wewe. Baba yako aliunda mitumbwi ya kuvusha marobota ya pamba kutoka ng'ambo ya ghuba hadi kiwanda cha yule tajiri wa Kihindi, enzi hizo gati lina kreni na magodauni yana walinzi. Kiwanda kikafa, popo wakahamia. Akaja sangara, malori ya barafu yakapanga foleni hadi kanisani. Sangara wakapungua, tukabaki na dagaa, wanawake tunawaanika mchangani. Sasa ni dhahabu. Vilima vyote nyuma ya mji vimetobolewa maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na makarasha yanasaga mawe mchana kutwa, hata ukitaka kusikia ziwa sharti usogee maji yakuguse vidole. Vijana waliokuwa wavuvi wamepanda kilimani. Mume wangu Maduhu naye alipanda.

Mimi nilikuja kwako kwa ajili ya pamba, unakumbuka? Nilikuwa mgeni hapa, nimeolewa kutoka Didia, na sisi wa Didia pamba tunaijua. Nikapita hapa nikaona unaziba mtumbwi kwa pamba chafu, imejaa mbegu. Nikacheka mbele ya watu. Ukanitazama, ukasema, "Basi kaa uichambue wewe." Nikakaa. Watu walisema mengi, mwanamke kuunda mitumbwi, ukawaacha waseme mpaka wakachoka.

Na kazi yenyewe naikumbuka kana kwamba nimeianza jana. Mtumbwi tunaupindua juu ya magogo. Wewe unaingia chini yake, kwenye giza, mimi nabaki nje. Nasokota pamba iliyolowa mafuta ya samaki, naisukuma kwenye mshono, kati ya ubao na ubao, kwa patasi butu. Pamba ikikufikia huko ndani unagonga kwa nyundo ya mti, mbili nyepesi, moja nzito. Nami nikiridhika na upande wangu najibu vilevile. Ulinionya tangu siku ya kwanza: "Wa ndani hatoki mpaka wa nje ajibu."

Siku ile ulinituma mafuta dukani. Ulikuwa chini ya mtumbwi ambao mwenyewe alitaka uandikwe TUTAONANA ubavuni, na rangi ilikuwa imekwisha kukauka. Nilirudi nikakuta majirani wameuinua, wewe umelala kiubavu, nyundo ingali mkononi. Yule mama anayekaanga samaki pale karibu alisema alikusikia ukigonga. Ukanyamaza kidogo, ukagonga tena. Na mimi nilikuwa dukani nasubiri chenji, Fundi. Nimelia juu ya chenji ile kuliko nilivyolia makaburini.

Baada ya matanga wazee walisema mtumbwi aliofia mtu haupelekwi majini, uchomwe au uachwe uozee ufukweni. Masanja akaitikia. Kisha akaubomoa, akaziuza mbao kwa mwenye duara analochimba Maduhu, zikapigwa matimba, yaani mbao za kukinga kuta za shimo ili udongo usimwagike. Wachimbaji walizisimamisha kwa mpangilio uleule waliozikuta nao, ubao kando ya ubao. Maduhu alinieleza akicheka kwamba mtu akishuka kwa kamba anapita herufi moja moja, anaanza na T na anamaliza na A, halafu taa ya chini ndiyo inaonekana.

Hawakukaa sana wakasikia mtu anagonga nyuma ya mbao. Walidhani ni wachimbaji wa duara jirani, lakini upande ule hakuna duara, ni mwamba mtupu. Huko kilimani wana mwiko wao: shimoni ukisikia mluzi au mlio wa kugonga usiomjua mwenyewe, hujibu. Wote walinyamaza. Maduhu, ambaye tangu utoto hana adabu na giza, akachukua nyundo akajibu kwa mzaha. Mbili nyepesi, moja nzito.

Kuanzia hapo akaanza kunipotea.

Alikuwa anapanda wa mwisho kila siku. Anarudi nyumbani hana jasho, na shati lake linanuka mafuta ya samaki, sio baruti. Jioni moja tunakula, nikamwona amechomoa pamba kwenye godoro la mwanetu Limi, anaisokota juu ya paja lake, kwa kushoto, kama ulivyokuwa ukifanya wewe kwa sababu ya kile kidole chako kibovu. Maduhu, ambaye kwao ni wafugaji na pamba hajawahi kuishika. Nikamuuliza nani kamfundisha. Aliitazama mikono yake, akasema hajui. Limi alihamia kulala kwa bibi yake, akasema baba anagonga ukuta.

Halafu ikafika siku wenzake wakamvuta juu kwa nguvu. Walisema alikuwa amekaa chini, ameegemeza mgongo kwenye mbao zako, wakimwita anawaambia, "Bado sijajibiwa." Kesho yake asubuhi akarudi tena. Nilimshika mkono mlangoni, akauchomoa polepole, bila hasira, akaenda. Hapo nikajua kwamba safari moja atashuka asipande tena, na nitabaki mjane wa mtu aliye hai.

Wanawake haturuhusiwi kukaribia duara, eti dhahabu inakimbia. Nilikwenda. Nilichukua nyundo yako, patasi, na pamba ya kwetu iliyo safi, nikapanda kilimani adhuhuri wachimbaji wakiwa kwenye ugali. Waliponiona walifoka, mmoja akanifuata na jembe. Sikugeuka. Nilijilaza kifudifudi mdomoni mwa shimo, nikaweka sikio kwenye ubao wa juu.

Ulikuwepo. Ulikuwa unagonga taratibu, bila kuchoka, vilevile ulivyogonga miaka yote ile.

Nikuambie ukweli? Nilifurahi. Yule mwenye jembe alikuwa ananivuta miguu na mimi nilikuwa natabasamu na udongo mdomoni. Tangu tukuzike nilikuwa sijakusikia, na pale ulikuwa karibu yangu, unene wa ubao mmoja tu. Maduhu alijibu naye akiwa ndani; wa nje ni mimi, na nilijua nikijibu utatoka, na ukitoka ndio basi. Nilitamani nilale pale hadi jua lizame, nikusikilize tu. Lakini huko chini alikuwa Maduhu.

Kwa hiyo nikafanya kazi kama ulivyonifundisha. Nilisokota, nikatafuta mshono, nikasukuma pamba mpaka ikakaa. Ilikaa vizuri, ungeikagua usingenirudisha. Ndipo nikagonga. Mbili nyepesi, moja nzito.

Ukanyamaza. Hata yule wa jembe aliniachia miguu. Baridi ya ziwa ikapanda kutoka shimoni, ikanipita usoni, ikaenda zake, na juu ya kilima kile hakuna hata dimbwi. Kisha kamba ikakaza. Maduhu akatokeza kichwa, anapepesa macho kwa jua, akaniuliza kwa nini nimelala chini na gauni la kanisani.

Hapajasikika kitu pale tena. Nauliza kila siku, na kila siku wananijibu kwamba hakuna.

Maduhu hataki kilima tena. Amerudi kulala usingizi wa kukoroma, na Limi amerudi nyumbani. Ila mikono yake haijasahau. Bado anasokota kwa kushoto, na anasokota vizuri kuliko mimi. Nimeacha kumuuliza. Kesho tunapindua mtumbwi wa dagaa wa jirani yetu. Yeye ataingia chini, mimi nitabaki nje. Nakuahidi sitakwenda dukani, wala popote, mtu wangu akiwa ndani. Kama mafuta yakiisha, yatasubiri mpaka atoke.

Wabeja, Fundi, asante kwa kunikalisha siku ile. Pumzika sasa. Nitakukumbuka, na itaniuma, na nitaizoea. Ila kesho ukisikia mtu anagonga chini ya mtumbwi, ni Maduhu huyo. Usimjibu wewe. Niachie mimi.

Mwanafunzi wako,
Mama Limi